Viti Hamsini vya Kasiva

Mtu akifiwa Mukuyuni, kabla hajafika mochari anapitia kwa Kasiva. Maiti haina haraka, lakini tenti ni moja, na ukizubaa watu wa Kilala wanakutangulia. Basi watu walibisha mlango wake wakati wowote, naye alifungua, akasema pole, akauliza mazishi ni lini na watu watakuwa wangapi, kisha akaingia chumba cha nyuma na kuanza kutoa viti.

Viti vyenyewe vilikuwa hamsini, vya plastiki, vyeupe, kila kimoja kimeandikwa WENDANO mgongoni kwa rangi nyekundu. Wendano ni kikundi cha akina mama wa kanisa, na jina lenyewe ni la Kikamba, maana yake kupendana. Hayo ya kupendana tutayaona mbele ya safari. Pamoja na viti kulikuwa na tenti, sufuria tatu ambazo mtu mzima angeweza kuogea ndani, gunia la vikombe, na jiko la gesi ambalo hakuna nyumba Mukuyuni iliyokuwa na la ukubwa ule. Vyote vilikaa kwa Kasiva. Wanawake wengine wa kikundi waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama huyu na Mama yule. Kasiva hakuzaa, kwa hivyo walimwita Kasiva wa Viti, naye akaitika.

Kwenye mazishi wenzake walilia. Yeye alikaa nyuma ya tenti juu ya mtungi wa maji uliopinduliwa, akiangalia viti. Katika miaka yote hiyo hakukalia hata kimoja. Watu wakishatawanyika aliviosha kimoja kimoja kwa sabuni, akavipanga kumi kumi, akavihesabu kwa sauti ili aliye karibu asikie. Miaka tisa, na hakuna kilichopotea. Mlevi mmoja alivunja kimoja huko Kilala, na Kasiva akavirudisha vipande ndani ya gunia, akamwomba mumewe akishone kwa waya, akakirudisha kwenye safu. "Hamsini ni hamsini," alisema.

Aliyempa kazi hiyo alikuwa mwenyekiti wa kikundi, Beth Wamucii, ambaye mji mzima unamwita Mama Thuo. Mama Thuo alikuja kutoka Murang'a na mumewe zaidi ya miaka ishirini iliyopita, wakafungua duka la jumla, mume akafa, duka likabaki na likanenepa. Mtu wa kwanza kuwatunzia vitu aliuza tenti ya kwanza na kuhama na pesa, na tangu siku hiyo Mama Thuo hakumwamini mtu yeyote aliye na shida. Kasiva alimfaa. "Huyu hana watoto wa kurukia viti," alisema mkutanoni, na wanawake wakacheka, na Kasiva akacheka pamoja nao. Ungefanya nini? Kikundi kikakubali kulipa nusu ya kodi ili vitu vipate chumba chao, na ndivyo Kasiva na mumewe Musyimi walivyopata nyumba ya vyumba viwili, kimoja chao na kimoja cha mazishi ya watu.

Sasa nikuambie alikotoka, usije ukamwona mjinga baadaye. Kasiva alizaliwa Kwa Vonza, upande wa Kitui, mahali ambapo mtoto wa kike anajua uzito wa mtungi wa maji kabla ya kujua jina la shule. Alipoolewa Mukuyuni alianza kutwanga mahindi, kuyatoa maganda na kuuza muthokoi kwa hoteli za sokoni. Mikono yake ilikuwa ngumu, na gorogoro lake la kupimia lilijaa hadi juu, hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Siku moja akaomba mkopo wa kununulia mashine ya kukoboa. Ofisa wa mikopo akaja nyumbani, kijana msafi, akasimama mlangoni na kalamu yake. Akaangalia kitanda. Akaangalia jiko la makaa. Akaangalia ukuta, kana kwamba kuna kitu kingetokea ukutani. "Mama," akasema, "hapa hakuna cha kushika." Akafunga daftari, akaenda zake, na akanywa chai kwa jirani aliyekuwa na runinga na makochi, na jirani akapewa mkopo.

Hilo Kasiva hakulisahau. Lilimkaa rohoni. Alijifunza siku ile kwamba mtu mwenye fomu akiingia kwako, anatafuta kuona kitu, na akikosa kuona kitu anakupita kama jiwe la barabarani.

Musyimi alikuwa fundi wa mawe, mtu mrefu wa maneno machache na mzaha mwingi, ambaye alimwita mkewe "mtu wa Kwa Vonza" hata mbele ya pasta. Miaka miwili iliyopita miguu yake ilianza kuvimba. Akasema ni viatu. Akabadilisha viatu. Uso nao ukavimba, na hauvai viatu, ndipo akakubali kwenda hospitali, na huko wakamwambia figo zote mbili zimechoka, awe anaoshwa damu kwa mashine mara mbili kila wiki, maisha yake yote. Mara mbili kwa wiki! Waliuza baiskeli, wakauza vyombo vyake vya kazi, wakauza meza, kabati na redio. Kanisa likachanga mara ya kwanza kwa nyimbo, mara ya pili kwa maombi, na mara ya tatu watu wakaanza kukohoa na kuangalia saa. Mara mbili kwa wiki ikawa mara moja, kisha ikawa wiki moja ndiyo na moja hapana. Nyumbani kukabaki kitanda, jiko la makaa lililopasuka mdomo, na chumba cha nyuma kilichojaa hadi dari mali ya Wendano.

Ndipo ikatangazwa kanisani kwamba serikali itawalipia bima ya matibabu watu wa mjini wasiojiweza. Kuna watu watapita nyumba kwa nyumba, wataandika, mashine itapima, na familia itakayopita italipiwa kila kitu, hata mashine ya damu. Kasiva alikuwa amekaa karibu na mlango. Alisikia "mashine ya damu," na baada ya hapo hakusikia mahubiri yote yaliyobaki.

Alijiandaa kama anayesubiri wakwe. Alifagia uwanja, akanyunyiza maji, akaazima kwa jirani vitambaa vya kufuma vya kuweka juu ya viti. Musyimi akamtazama akitoa viti sita kutoka chumba cha nyuma na kuvipanga mbele ya pazia lililokizuia kitanda.

"Unafanya nini, mtu wa Kwa Vonza?"

"Mgeni atakaa wapi, kichwani kwangu?"

"Mgeni ni mmoja."

"Wewe lala," akasema Kasiva.

Aliyekuja ni msichana kutoka Nunguni, jina lake Kalunde, amevaa sweta ya baridi ya kule milimani huku jua la Mukuyuni likimkaanga. Wale waandikishaji walipelekwa sehemu wasikojulikana, ili wasipendelee shangazi zao, kwa hivyo Kalunde hakumjua Kasiva wala kiti hata kimoja. Laiti angetumwa mtoto wa pale pale! Angecheka na kusema, "Aii, Kasiva wa Viti, wacha mchezo." Lakini huyu alikaa, akashukuru kwa maji, akafungua tableti yake.

"Mwaitu, mama yangu, nitakuuliza maswali, unijibu tu vile iko. Mko watu wangapi?"

"Wawili."

"Paa?"

"Mabati. Hayavuji."

"Mnapikia nini?"

Kasiva alikumbuka lile jiko lililopasuka mdomo, ambalo alikuwa amelificha nyuma ya choo asubuhi. Alimwona yule ofisa wa mikopo akisimama mlangoni na kalamu yake. "Gesi," akasema. "Kubwa." Kisha, Mungu amsamehe, akaenda kufungua mlango wa chumba cha nyuma. "Njoo uone."

Kalunde akasimama mlangoni. Viti vimepangwa kumi kumi, vinang'aa. Nguzo za tenti zimeegemea ukuta. Sufuria zimepinduliwa.

"Hii yote ni ya kwenu?"

"Ni biashara. Tunakodisha. Hata Kilala wananijua."

"Na hii Wendano?"

"Jina la biashara."

Jamani! Mwanamke ambaye hajawahi kumwibia mtu punje ya mahindi. Yalimtoka laini kabisa, hata yeye mwenyewe alishangaa, na alipoona kidole cha msichana kikiandika, moyo wake ulijaa furaha. Mtu alikuwa anaandika kwamba Kasiva ana kitu.

Kalunde alinyanyua macho. "Mwaitu, una uhakika? Unajua hii ni ya bima?"

"Najua ni bima. Si mimi ndiye ninaitaka?"

Msichana akarudi kwenye tableti yake. Waandikishaji walikatazwa kumwonyesha mtu jibu lipi linapeleka wapi. Aliyefanya hivyo angefutwa. Na kazi zenyewe unazijua zilivyo. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayepumua kwa taabu: "Kasiva! Mwambie viti ni vya…"

"Lala!" Kasiva akapaza sauti. "Daktari alisema usiongee!"

Daktari hakusema lolote la namna hiyo. Kalunde akapiga picha tatu, moja ya viti, moja ya tenti, moja ya jiko la gesi, akaaga vizuri, akaenda nyumba ya pili. Kasiva akaingia nyuma ya pazia akitabasamu. Musyimi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Umefanya nini?"

"Nimekuokoa," akasema.

Baada ya wiki mbili ujumbe uliingia kwenye simu. Kasiva alimpelekea naibu wa chifu amsomee, maana macho yake hayakuona herufi ndogo. Naibu akasoma, akarudia. Familia yake imepimwa na kuonekana inajiweza. Serikali haitawalipia. Watalipa wenyewe mchango wa mwaka mzima, wote kwa mkupuo, na kiwango kilikuwa cha mtu wa biashara ya tenti.

"Inajiweza?" Kasiva akauliza. "Nani?"

"Wewe. Imeandikwa una biashara, mama. Ukodishaji."

"Lakini hiyo ni kitu cha kikundi!"

Naibu mwenyewe alikuwa amemzika baba yake chini ya tenti hiyo. "Kasiva," akasema polepole, "kwani ulisema ni yako?"

Ndipo Kasiva alipoelewa, si kidogo kidogo bali yote mara moja, kwamba kulikuwa na fomu moja duniani iliyotaka mtu asiye na kitu, fomu moja tu, na ilipokuja kwake aliificha aibu yake nyuma ya choo.

Naibu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kuna rufaa. Wendano iandike barua kwamba vitu ni vya kikundi, barua iwe na muhuri, yeye atagonga wake, itumwe, nyumba ipimwe upya. "Lakini fanya haraka," akasema, kana kwamba Kasiva alikuwa na mpango wa kwenda kutembea.

Mama Thuo alimsikiliza akiwa ndani ya duka, nyuma ya nondo, akipima sukari.

"Ulisema ni zako," akasema.

"Nilisema tu, Mama Thuo. Mdomo ulinitangulia."

"Kwa serikali? Ikaandikwa?"

"Na picha."

Mama Thuo akaweka kijiko chini. Uso wake ulibadilika, na Kasiva aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona machoni mwa mtu anayemtazama: aliona anatazamwa kama mwizi. "Ngai! Kesho na keshokutwa ukiamka useme ni zako, na serikali iko na picha, mimi nitasimama wapi?"

"Niandikie barua leo. Nakuomba. Jumatatu anatakiwa kwa mashine, na tayari ameruka mara mbili. Hawezi hata kulala chini, maji yanampanda kifuani."

"Mimi si kikundi. Kikundi kinakutana Alhamisi." Akachukua kijiko. "Utasimama useme mwenyewe."

Alhamisi Kasiva alisimama. Walikuwa wamemaliza kuomba, wengine bado wamefumba macho. Alisema yote, tangu ofisa wa mikopo hadi jiko nyuma ya choo, na alipofika mahali pa kusema "jina la biashara" mtu mmoja akaangua kicheko. Halafu kicheko kikageuka.

"Kumbe sisi tumekuwa wafanyakazi wako!"

"Miaka tisa nikichanga, namchangia Kasiva tajiri!"

"Mungu alijua kumnyima watoto," akasema mmoja kutoka nyuma, ambaye Kasiva alikuwa amemwoshea sufuria kwenye mazishi ya mama yake hadi vidole vikachubuka, "huyu angewauza."

Hakuna aliyemkanya. Kasiva alikuwa ameapa kwamba watasema watakalo, barua aipate. "Ni kweli nimekosa," akasema. "Mnipe barua."

"Barua itasema vitu ni vyetu," akasema Mama Thuo. "Basi tuone kwanza kama viko. Vihesabiwe, na leo hii vihamishwe."

Wakaenda wote, mstari mrefu wa leso na miavuli ya jua, hadi kwa Kasiva. Vitu vikatolewa uwanjani. Tenti, iko. Nguzo, ziko. Sufuria tatu, vikombe, jiko. Viti vikapangwa kumi kumi, na katibu akahesabu akigusa kila kimoja.

Arobaini na tisa.

Akahesabu tena. Arobaini na tisa. Wanawake wakaangaliana na midomo yao ikabinuka.

"Kimoja kiko ndani," akasema Kasiva. "Kile cha waya. Mgonjwa amekikalia. Hawezi kulala, anapumua akiwa ameketi tu."

"Kilete."

"Mama Thuo, ingia tafadhali, ukione kwa macho yako."

"Siingii nyumba ya mtu kuchungulia mgonjwa. Hesabu inafanyiwa hapa, mbele ya wote. Si ndiyo ulivyokuwa unafanya wewe? Hamsini ni hamsini."

Kasiva alibaki amesimama kati ya viti na mlango. Nasema ukweli, kama angekuwa na uwezo wa kuipasua nchi iwameze wote, yeye akiwa wa kwanza, angeipasua. Ndipo mlango ukafunguka.

Musyimi alitoka akikisukuma kile kiti mbele yake, akikiegemea kama mzee anayejifunza kutembea na fimbo. Hatua moja, akapumua. Hatua nyingine, akapumua. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi kucha hazionekani, na uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu. Alivuka uwanja mzima hivyo, na hakuna mwanamke aliyenyanyua mkono. Akakifikisha kiti mwisho wa safu, akakinyoosha ili kilingane na vingine. Akaachilia mikono, akasimama mwenyewe.

"Hamsini," akasema. "Mke wangu si mwizi."

Hakuna aliyemwambia akae, na viti vilikuwa hamsini mbele yake. Walitazama chini. Katibu aliandika, na Musyimi alisimama hadi alipomaliza kuandika: viti 50, kimoja kimeshonwa kwa waya. Kisha pikapu ya Mama Thuo ikarudi nyumanyuma hadi mlangoni, vitu vyote vikapakiwa, na kiti cha waya kikarushwa juu ya vingine. Kasiva akamshika mumewe chini ya kwapa wakaingia ndani. Chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, hatua zao zikasikika mle kana kwamba wanafuatwa na watu.

Barua aliipata Ijumaa jioni, imeandikwa vizuri, ina muhuri. Ofisi ya naibu ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Jumamosi nzima Kasiva alimweka Musyimi nusu ameketi kitandani, amemwegemeza gunia la mahindi yake ya kutwanga, lakini gunia linabonyea, si kama kiti, na kila mara aliteleza akaanza kukoroma kama anayezama. Jumapili asubuhi, kanisa likiwa katikati ya wimbo wa kwanza, na wimbo ukisikika hadi pale, Musyimi akamwambia, "Mtu wa Kwa Vonza, ungesema tu hatuna." Hakuongea tena. Wimbo ulipoisha alikuwa ameenda. Barua ilikuwa ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne.

Kikundi kilikuwa kimemsimamisha uanachama, na aliyesimamishwa hapewi vitu. Lakini Mama Thuo alisema Wendano haina roho mbaya, na siku ya mazishi pikapu ikaja na tenti, sufuria na viti vyote hamsini, na Mama Thuo akaomba sala ndefu kuhusu upendo. Alilia kweli, tusimnyime haki yake. Kasiva akaongozwa hadi safu ya mbele, mahali pa mjane, akakalishwa. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukalia kiti cha Wendano. Hakulia. Wakati pasta anahubiri, alikuwa anageuza shingo, anatafuta safu kwa safu, hadi akakiona kile cha waya, safu ya nne, kimekaliwa na mtu wa Kilala aliyekuwa anasinzia.

Jioni mtunza vitu mpya, Nduku, mwanamke mdogo mwenye watoto wawili, alipanga viti kumi kumi. Akahesabu. Akahesabu tena, jasho likamtoka. Wanawake wakasogea.

"Mwiteni Kasiva," mmoja akasema. "Yeye ndiye anajua kuhesabu."

Kasiva akatoka ndani na leso yake ya mjane. Alihesabu kwa sauti, akigusa kila mgongo, polepole, kama alivyofanya miaka tisa. Alipofika mwisho akasimama.

"Arobaini na tisa," akasema.

"Majirani si waliona watu wa Kilala wakipakia vitu?" mtu akauliza.

"Mimi nilikuwa kaburini," akasema Kasiva.

Nduku akaanza kulia. Siku yake ya kwanza, Mungu wangu, siku ya kwanza! Mama Thuo alikuwa anamtazama kwa macho yale yale aliyomtazamia Kasiva dukani. Kasiva aliyaona, akayatambua, na angeweza kuyazima kwa neno moja. Aliingia ndani, akafunga mlango, akamwacha Nduku alie. Kiti cha waya kilikuwa nyuma ya kitanda, kimefunikwa koti la Musyimi.

Mwezi wa pili baada ya mazishi Kalunde akaja tena, na sweta ile ile. Naibu alikuwa ameigonga barua ile muhuri wake, na rufaa ilikuwa imefika. Chumba cha nyuma kilikuwa kimepangishwa mtu mwingine, na Kasiva alikuwa amebaki na kile cha mbele.

"Mwaitu, pole," akasema msichana, na hakuwa na pa kuangalia. "Nilisikia. Ningejua…"

"Andika," akasema Kasiva. "Uliza."

"Mko watu wangapi?"

"Mmoja."

"Unapikia nini?"

Kasiva akaliburuta lile jiko lililopasuka mdomo hadi katikati ya chumba. Kalunde akaliandika. Meza, hapana. Redio, hapana. Kabati, hapana. Mifugo, hapana. Kila hapana Kasiva aliitamka wazi, bila kupepesa macho, na kwa kila moja kidole cha msichana kiligonga mara moja. Kisha akakiona kiti kando ya kitanda, na maandishi mekundu mgongoni, na waya.

"Na hiki? Ni cha nani?"

"Ni cha kikundi. Nilikiiba."

Kalunde akatafuta kwenye tableti. Akapandisha, akateremsha. "Hapa wanauliza tu kama kiko," akasema.

"Kiko."

"Viti, kimoja." Akagonga. Tableti ikafikiria kidogo, ikaleta rangi ya kijani, na msichana akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. "Umepita, mwaitu! Serikali itakulipia mwaka mzima, hata mashine, hata upasuaji. Imebaki swali moja. Uko na ugonjwa wowote wa kudumu?"

Kasiva alikaa juu ya kiti, akafikiri vizuri, kwa sababu sasa alikuwa anajibu vile iko. Moyo wake ulikuwa unapiga sawa. Miguu yake ilikuwa myembamba. Alikuwa ametwanga magunia mawili wiki hiyo na mgongo haukumuuma.

"Sina," akasema. "Niko mzima kabisa."